Ua Kavu Nalo ni Zao: Kabla Hujashika Sindano, Kausha



Katikati ya maswali ya mbolea ya kupandia, ukungu wa viazi na bei ya parachichi, siku hizi linakuja swali ambalo zamani sikulisikia: "Bibi shamba, haya maua makavu yanayodariziwa kwenye vitambaa yana hela kweli?" Wengi wanaouliza ni akina mama, lakini na vijana wenye vibanda vya bidhaa kando ya barabara wanauliza. Wameona vitambaa vya fremu, kadi za harusi, mifuniko ya vikapu na kofia za ukindu zilizoshonewa maua makavu, masuke ya ngano na mbegu. Wameona na bei iliyobandikwa, wakajiuliza kwa nini wao wasifanye.

Jibu langu fupi ni kwamba hela ipo kwa yule anayelichukulia ua kama zao. Zao lina wakati wake wa kuvunwa, lina namna yake ya kukaushwa, lina ghala lake na wadudu wake. Anayelichukulia ua kama pambo tu, la kuchuma njiani na kushona jioni, atauza mara moja, na mara ya pili mnunuzi atamkwepa. Leo nataka nieleze kwa nini nasema hivyo, maana nimeona kikundi kizima kikikaribia kuvunjika kwa sababu ya bua ambalo halikukauka.

Sindano si ngeni kwetu

Mimi nimekulia katika nyumba ya vitambaa. Mama yangu alidarizi vitambaa vya makochi na vya meza: maua mekundu, majani ya kijani, ndege wawili wakitazamana, na pembeni maneno ya kumkaribisha mgeni. Kila binti wa rika langu alipitia hapo. Tulishika ringi, tukanyoosha kitambaa, tukajifunza mshono wa mnyororo kabla hatujajua kupika ugali wa watu kumi. Kwa hiyo nikimwona mama anashona ua kavu juu ya kitambaa cha marekani, simwoni kama anafanya jambo geni. Kilichobadilika ni kwamba ua la uzi limepisha ua lenyewe.

Na sehemu nyingine za Afrika watu wamefika mbali sana na sindano na mimea peke yake. Kule Kasai, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Wakuba hutengeneza kitambaa cha nyuzi za majani ya mwale. Wanaume husuka kitambaa, wanawake hukidarizi. Mwanamke hupitisha uzi wa mwale chini ya nyuzi za kitambaa, anaukata pande zote mbili kwa kisu kidogo, na haufungi fundo. Ule msuko wenyewe ndio unaoushika. Rangi nyekundu huipata kwenye unga wa mti. Baadhi ya vitambaa hivyo vilinunuliwa na wageni zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hadi leo vipo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, michoro yake inaonekana.

Nawatajia Wakuba kwa sababu moja. Kitu cha mimea kinaweza kudumu kuliko aliyekishona, mradi kiwe kikavu na kisiguswe na wadudu. Kwa hiyo mtu akikwambia "maua hayadumu", mwulize yalikaushwaje.

Fremu 30 zilizorudi

Miaka michache iliyopita nilikwenda kijiji kimoja cha huku kwetu Njombe kwa ajili ya viazi. Nilipomaliza shambani, mama mwenye nyumba akaniomba niingie ndani nitazame jambo. Chini ya meza kulikuwa na maboksi mawili. Ndani yake fremu 30 za vioo, kila moja ina kitambaa kilichodariziwa shina na majani kwa uzi, na juu yake maua makavu na masuke ya ngano yameshikizwa. Kazi ya sindano ilikuwa safi. Ungeigeuza nyuma ya kitambaa usingeona uzi unaning'inia.

Lakini ndani ya vioo kulikuwa na kuvu jeupe. Maua mengine yamekuwa ya kahawia, na katika fremu kadhaa kulikuwa na unga unga na wadudu wadogo waliotoka kwenye masuke. Duka moja la mjini lilikuwa limeagiza fremu hizo, likalipa nusu, na baada ya wiki sita likazirudisha zote na kukataa kumalizia malipo.

Kikundi kilikuwa na akina mama sita. Waliokuwa wanachuma waliwalaumu waliokuwa wanashona, na waliokuwa wanashona walisema kosa ni la vioo. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaahidi ile nusu ya pili kwa mahitaji ya shule ya binti yake aliyekuwa anakwenda bweni. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ningejua ningelima njegere."

Nilifungua fremu moja, nikachomoa ua, nikalikunja bua lake. Lilipinda kama uzi. Halikuvunjika. Nikamuuliza, "Mama, mahindi yako ungeyaingiza ghalani yakiwa na ubichi huu?" Alinitazama, akacheka kicheko cha uchungu, akasema, "Hata mwendawazimu asingeyaingiza."

Tatizo lilikuwa hapo. Wanawake wale walijua kukausha mahindi kuliko maofisa wengi. Wawili kati yao walikuwa wamelima pareto, zao ambalo linauzwa likiwa ua kavu: walijua kwamba pareto mbichi ikilundikwa kwenye gunia inapata joto na kuoza, na kwamba ubora wa ukaushaji ndio unaoamua malipo. Ujuzi wote walikuwa nao. Ila ulibaki shambani, haukuingia kwenye kapu la sindano, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ua la kupamba nalo ni mavuno.

Kuvuna kwa wakati

Kila zao lina siku yake. Maua yale ambayo petali zake ni ngumu na zinachakarika kama karatasi hata yakiwa mabichi ndiyo bora kwa kazi hii, na huku nyanda za juu yapo ya porini na ya bustanini. Yachume kabla hayajafunguka sawasawa. Yanaendelea kufunguka yakiwa yananing'inia, na ukichuma lililofunguka kabisa litajipindua na kumwaga katikati yake.

Masuke ya ngano, ulezi, mtama na uwele yachume yakiwa yameanza kubadilika rangi lakini hayajakomaa kabisa. Suke lililokomaa mno linapukutika ukiligusa na sindano. Majani ya mkaratusi yachume yakiwa yamekomaa, maana machanga hunyauka na kujikunja. Koni za misonobari okota zilizoanguka. Maganda ya mahindi, yale laini ya ndani, yatunze wakati wa kupukuchua. Ukiyalowesha kidogo unaweza kuyakata na kuyakunja yakawa petali, na hayana gharama.

Chuma siku isiyo na mvua, umande ukishakauka, kwenye saa nne asubuhi au saa tano. Ua lililochumwa na umande linaanza safari likiwa limebeba maji ambayo utapaswa kuyaondoa.

Kukausha

Funga vifungu vidogo vya mabua matano hadi kumi. Usifunge kwa kamba ya kawaida, kwa sababu mabua yakikauka yanasinyaa na kifungu kinaanguka. Kata vipande vyembamba vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vitabana wenyewe kadiri bua linavyopungua. Ning'iniza vichwa chini, ili shingo la ua likauke likiwa limenyooka.

Mahali pawe pakavu, pana hewa inayopita, na pasiwe na jua la moja kwa moja. Hapa ndipo ua linapotofautiana na mahindi: jua kali hukausha haraka lakini linakula rangi. Chini ya bati, darini, au kwenye chumba kisichotumika panafaa. Juu ya jiko la kuni hapafai, moshi hugeuza rangi na harufu haiondoki. Masuke, mbegu na koni hazina shida na jua, zianike kwenye turubai au kichanja kama unavyoanika maharage.

Maua laini na majani membamba yabanie katikati ya magazeti, weka juu yake mbao na mawe, na badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo. Wengi wanaacha magazeti yale yale wiki nzima, na karatasi iliyokwisha kunywa maji inayarudisha kwenye ua.

Huku kwetu mvua zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na maua mengi yanachanua humo humo. Kwa hiyo unavuna wakati mgumu wa kukausha, kama mtu aliyepanda mahindi yakakomaa kwenye mvua. Kama huna mahali pakavu kweli, chuma kidogo kidogo, na kazi kubwa iache ianzie Juni.

Kupima

Kwa mahindi tunasema unyevu usizidi asilimia 13.5, na mkulima asiye na kipimo anatumia chupa na chumvi: unatia chumvi kavu na punje, unatikisa, chumvi ikishika kwenye chupa mahindi hayajakauka. Mbegu za kupambia unaweza kuzipima hivyo hivyo. Ua usilitie chumvi, lina vipimo vyake viwili.

Cha kwanza ni bua: likunje. Likivunjika kwa mlio, limekauka. Likipinda, lirudishe kamba. Usidanganywe na petali, petali hukauka siku nyingi kabla ya bua na kitovu cha ua.

Cha pili ni chupa ya kioo yenye mfuniko. Tia maua machache, funga, acha siku tatu hadi tano ndani ya nyumba. Ukiona mvuke kwenye kioo, au maua yamelegea, yale maji yaliyokuwa ndani ya kitovu yametoka. Fremu ya kioo itafanya hivyo hivyo, isipokuwa itafanya mbele ya mnunuzi.

Kuhifadhi

Adui wa masuke na mbegu ni wale wale tunaopigana nao ghalani: fukusi, dumuzi, nondo. Masuke yaliyokwisha kauka yatie kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa tunayohifadhia mahindi. Jaza mfuko, kamua hewa, funga kila tabaka kivyake, acha wiki kadhaa bila kufungua. Mdudu aliyeko ndani anakosa hewa anakufa. Usinyunyizie dawa ya ghalani kwenye kitu cha kupamba. Kitaning'inizwa sebuleni, mtoto atakishika na kupeleka mkono mdomoni.

Porini chuma kwa kipimo, nyumbani panda

Nyanda zetu zimejaliwa maua. Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, wenyeji wameiita Bustani ya Mungu. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuchuma hata ua moja, na nawaomba msijaribu. Lakini nje ya hifadhi nako tuna somo. Kwa miaka mingi viazi vya okidi za porini vimechimbwa huku kwetu na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Aliyechimba alipata hela ya siku hiyo. Kiazi kikishang'olewa mmea umekwisha, na mabonde ambayo wazee wanayakumbuka yakiwa na rangi, leo mengine ni majani matupu.

Ua la kudarizi nalo linaweza kwenda njia hiyo. Ukichuma kila kichwa, mbegu za mwakani zinatoka wapi? Kanuni yangu ni rahisi: kata kwa kisu au mkasi, using'oe, kila mahali acha mengi kuliko uliyochukua, na mbegu za yaliyokomaa zikusanye upande kwako. Tuta moja la mita kumi kando ya nyumba, kwenye mbolea ya samadi iliyooza, linampa mama mmoja maua ya kutosha kushona msimu mzima.

Na msidharau mwanzo mdogo. Katani yote mliyowahi kuiona Tanga na Morogoro inafuata historia ya mwaka 1893, Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida na ni 62 tu iliyofika hai. Kilichopandwa na kutunzwa kinaongezeka. Kinachochumwa tu kinapungua, hata kikiwa kingi namna gani.

Kitambaa, uzi na rangi

Sasa shika sindano. Kitambaa kiwe kizito: marekani, kaniki, au gunia la nyuzi za mimea lililofuliwa na kupigwa pasi. Khanga ni nyepesi, inavutwa na uzito wa maua na kukunjamana. Chora kwa penseli, darizi kwanza mashina na majani yote ya uzi, na maua makavu yawe ya mwisho. Ukiyatanguliza, mkono wako utayavunja wakati unaendelea na kazi nyingine.

Ua kavu halitobolewi, linashikizwa. Lilaze bua juu ya kitambaa, toa sindano upande mmoja wa bua, vuka juu yake, shuka upande wa pili. Mishono miwili au mitatu kwa bua inatosha, usiikaze mpaka ikakata. Fundo likae nyuma. Kama unahitaji bua lipinde, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu dakika chache, lipinde, likaushe tena kabla ya kufunga kwenye kioo. Koni na mbegu kubwa zifunge kwa uzi wa katani unaopita katikati ya magamba.

Uzi wenye rangi ya mimea unapendwa, na kwa hili watu wa Njombe tuna bahati, kwa sababu tuna miwati. Nyuzi za katani au pamba hazishiki rangi ya mimea vizuri bila kuandaliwa. Kwa kilo 1 ya nyuzi zilizofuliwa, chemsha magome ya muwati, loweka nyuzi humo kwa moto mdogo saa moja. Zitoe, zikamue, kisha ziweke kwenye maji ya moto yaliyoyeyushwa gramu 150 za shabu, nazo zikae saa moja. Baada ya hapo chemsha nusu kilo ya maganda makavu ya vitunguu, chuja, tia nyuzi. Utapata kahawia yenye dhahabu. Ukitia kipande cha chuma chenye kutu kwenye sufuria, rangi inageuka kuelekea kijivu na weusi. Sufuria hiyo isirudi tena kupikia chakula.

Manjano ya kupikia yanatoa rangi nzuri siku ya kwanza, ila jua linaimaliza upesi. Rangi yoyote ipime kabla hujaiuza: kata kipande, funika nusu yake kwa kadibodi, kiweke dirishani penye jua wiki mbili. Ukifunua na nusu mbili zikatofautiana sana, usiitumie.

Mbegu za sumu

Hapa sitazungusha maneno. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, ambazo wengine huziita macho ya tipitipi, zina sumu kali. Mbegu za mnyonyo vilevile. Ganda likiwa zima ni gumu na hushika sumu ndani, lakini wewe unapotoboa ili upitishe uzi umefungua mlango. Mtoto akiitafuna, inaweza kumuua. Najua zinang'aa na wanunuzi wanazipenda. Usizitumie. Tumia mbegu za maboga, mahindi ya rangi au maharage yenye mabaka.

Bei: hesabu na mkono wako

Kule pwani kuna kofia za viua, zile za vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, na anayeijua haulizi kwa nini imezidi bei ya kofia ya mashine. Huku kwetu mshonaji bado anauza kana kwamba muda wake ni wa bure.

Tufanye hesabu ya mfano, wewe weka namba za kijijini kwako. Tuchukulie kibarua cha shamba ni shilingi 8,000 kwa siku ya saa 8, yaani shilingi 1,000 kwa saa. Fremu moja ndogo inakuchukua saa 7 tangu kuchuma mpaka kufunga kioo.

Kitambaa shilingi 1,000. Uzi na rangi 1,000. Fremu na kioo 4,000. Fungu la vile vinavyovunjika na kuharibika 1,000. Nauli ya kupeleka, ukigawa kwa kila kipande, 500. Jumla 7,500. Ongeza kazi ya mkono, 7,000. Hapo ni 14,500, na bado hujaweka faida.

Ukiuza kwa 10,000 ukashangilia, toa 7,500 za gharama. Umebaki na 2,500 kwa saa 7. Ni kama shilingi 357 kwa saa, karibu theluthi ya kibarua. Afadhali ungekwenda kupalilia chai ya jirani. Ndugu mfanyabiashara unayenunua kijijini, na wewe sikia: ukimkandamiza mshonaji hadi hapo, msimu ujao atakuwa shambani na wewe utakuwa na kibanda kitupu.

Ikiwa soko lako halilipi 16,000 au 17,000, usiteremshe bei ya mkono. Punguza kipande. Kadi ndogo ya ua moja na mshono mfupi inachukua chini ya saa moja, haina kioo, na inauzika kwa wageni wa harusi na mahafali. Akina mama wengi ninaowafahamu wanaishi kwa kadi, fremu ni za oda.

Mwambie mnunuzi ukweli

Kitambaa chenye maua makavu hakifuliwi. Hakikai bafuni, hakikai juu ya meza ya chakula, na hakitazamani na dirisha la jua. Andika hayo kwenye karatasi ndogo nyuma ya fremu pamoja na mwezi uliposhona. Wapo wanaoogopa kwamba karatasi hiyo itamfukuza mteja. Mimi nimeona kinyume chake: mwenye duka aliyewahi kuumizwa na bidhaa mbovu anaisoma karatasi hiyo kwanza, kisha ndiyo anatazama maua.

Kile kikundi cha fremu 30 hakikufa, ingawa wawili walijitoa na sikuwalaumu. Wanne waliobaki walivuna upya, wakakausha mwezi wa nane chini ya bati, wakapima kwa chupa. Fremu za kwanza hawakuziuza. Walizining'iniza ukutani kwao miezi minne, mvua zikaja zikawapitia. Zilipobaki safi, walizichukua hizo hizo wakarudi nazo dukani, wakafungua mmoja mbele ya mwenye duka na kulivunja bua ili asikie mlio. Alichukua kumi kwa majaribio. Hazikurudi. Yule mama aliyetamani njegere analima njegere pia, na sioni ubaya. Mkulima mwenye akili haweki mayai yote kapu moja.

Kama unataka kuanza, usinunue kitu mwezi huu. Chuma vifungu vitano, ning'iniza, kunja bua baada ya wiki tatu, tia kwenye chupa. Ukishafaulu hapo, ndipo uende dukani kununua kitambaa. Wenye maswali ya kupanda maua ya kukausha kwenye maeneo ya joto niandikieni kama kawaida, mkitaja kijiji na mwinuko. Makala ijayo tunarudi kwenye viazi: namna ya kuchagua mbegu kabla msimu haujafika.